Karibu na Shimo la Mungu

Bomba limekata, leo siku ya tisa.
Nimeshuka na ndoo yangu ya bluu
iliyozibwa kitako kwa lami na kipande cha ndala,
nimeshuka ukingo wa Newala, goti la kushoto likinung'unika,
hadi pale wazee walipopaita Shimo la Mungu.
Waliona nini humo, sijui. Mimi naona ukungu tu,
umejaa bonde mpaka mdomoni kama uji unaotaka kumwagika,
na Ruvuma imo ndani yake, inapita bila kuonwa.

Miezi saba sasa nasali nusu.
Baba yetu, naanza vizuri,
jina, ufalme, nakwenda kama mtu anayeijua njia,
nikifika kwenye *utakalo* ulimi unagoma
kama mbuzi aliyevutwa majini.
Maana alilolitaka, kama ni Yeye aliyelitaka,
lilikuwa Fridolini wangu, miaka kumi na tisa,
homa ya siku tatu,
na viatu vipya vya mnadani havijafungwa kamba hata mara moja.
Katekista Nandonde akaniambia, Vumilia, mama.
Padre akasema, Mungu ana mpango.
Nikawapikia chai wote wawili.
Tangu hapo kwaya ya akina mama, mstari wa pili,
nafungua mdomo, nafumba,
samaki kati ya waimbaji.

Njiani leo mikorosho inachanua.
Vijana wa Anjelus walipuliza salfa usiku,
majani yamepakwa unga wa manjano,
Jumatano ya Majivu iliyokosea mwezi.
Nilipita chini yake, ukaniangukia utosini.
Sikujipangusa. Nilikuwa nimechoka tu,
nisisingiziwe ibada.

Chemchemi yenyewe ni jasho la mwamba.
Tone, kimya. Tone, kimya.
Unangoja lijikusanye, unachota kwa kikombe cha plastiki.
Vikombe arobaini, ndoo moja.
Mbele yangu alikuwa Somoe binti Lihumbo,
ndoo mbili, mtoto mgongoni ana mafua.
Akaniangalia kichwa, akaniangalia goti,
akasema, "Weka yako. Mimi nitangoja."
Basi. Hakuongeza neno.
Akainama mwenyewe na kikombe, akachota, akamimina,
na mimi nimesimama kama bibi harusi, mikono haina kazi.
Sikuwa nimeomba.

Hapo ndipo nikalitazama lile tone.
Mwamba hauna haraka, wala hauna choyo.
Limedondoka miezi yote saba, mchana na usiku,
hata pasipokuwa na mtu mwenye ndoo.
Usiku ule wa homa pia lilidondoka.
Nilitaka kuyachukia maji kwa hilo.
Nikayanywa. Yalikuwa baridi mpaka kwenye jino bovu.

Katikati ya mlima nikatua mzigo.
Ukungu ulikuwa umepasuka mahali,
upana wa kanga moja,
na mto ukaonekana, unang'aa, unaendelea na shughuli zake.
Nikafungua pindo, nikatoa muhogo wa kuchemsha,
ulikuwa bado na joto la mwili wangu.
Nikaung'ata, na mdomo, bila kuniuliza, ukiwa umejaa,
ukasema, *utupe leo.*
Nililiruka lile neno jingine
kama mtu anavyoruka mtaro.
Lipo nyuma yangu bado. Nitalirudia siku moja,
au litanifuata lenyewe, kwa miguu yake.
Lakini leo, ndiyo, hii leo,
ya muhogo na mafua ya mtoto wa Somoe,
nimeiomba, na nilikuwa nimeishikilia mkononi.

Nilipofika nyumbani ndoo imepungua vidole vinne.
Lami imevuja njia nzima.
Nikageuka kuilaani, nikaona mstari wa matone vumbini,
mweusi, umepinda palipopinda miguu yangu,
kutoka kizingiti changu mpaka kule Shimoni.
Kuku wa jirani wameshaanza kuufuata,
wanaudonoa, mmoja mmoja.